Amri Isiyoeleweka Haitiiki: Funzo la Maandamano ya Wahamiaji kwa Sisi Watu wa Mpakani

Hotuba ya Afisa Uhusiano wa Polisi, iliyotolewa katika baraza la wakazi na wafanyabiashara wa mpaka wa Uganda na Tanzania



Nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu mkaja kunisikiliza. Najua kwamba leo ni siku ya soko, na kila saa mnayokaa hapa ni mkungu wa ndizi au debe la maharage lisilouzwa. Kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo lililotukutanisha.

Majuma machache yaliyopita wawakilishi watano wa wachuuzi wadogo walifika ofisini kwangu wakiwa na barua. Barua ilieleza kwamba wanakusudia kuandamana kwa amani kutoka sokoni hadi ofisi za wilaya, ili wawasilishe maombi yao kuhusu taratibu za kuvusha bidhaa ndogondogo mpakani. Niliwakaribisha viti, nikaagiza chai. Kabla chai haijafika, mama mmoja mtu mzima, ambaye hakuwa amesema neno tangu aingie, alinitazama usoni akaniuliza: "Afande, tukiandamana, mtatupiga?"

Nimelitumikia jeshi la polisi kwa zaidi ya miaka ishirini, na nimeulizwa maswali mengi. Swali lile lilinishinda kulijibu papo hapo. Kusema "hapana" ni rahisi, lakini mama yule hakuwa akitafuta neno la kumfariji. Alitaka kujua ni kitu gani kitakachozuia asipigwe. Nikamwahidi kwamba nitamjibu mbele ya watu wote. Hotuba hii ndiyo jibu langu.

Nitaanza na kisa cha mbali. Kilitokea Marekani, hasa katika jiji la Los Angeles, kati ya mwaka 2006 na mwaka 2008. Nimekichagua kwa sababu waliohusika walikuwa watu ambao maisha yao, kama yetu, yanategemea mpaka na sheria zake. Tena nimekichagua kwa sababu katika jiji lilelile, kwa dai lilelile na polisi walewale, mwaka mmoja mambo yalikwenda vizuri, mwaka uliofuata yakaharibika, na mwaka wa tatu yakatengemaa. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Mnamo tarehe 16 Desemba 2005, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha mswada uliopelekwa bungeni na mbunge James Sensenbrenner wa jimbo la Wisconsin. Wakati huo inakadiriwa kwamba watu kati ya milioni 11 na 12 walikuwa wakiishi nchini humo bila vibali halali. Mswada ule ulikusudia kuifanya hali hiyo ya kukaa bila kibali kuwa kosa kubwa la jinai. Ulipanga kujenga uzio wa mamia ya kilomita kwenye mpaka wa Mexico. Tena maneno yake yalikuwa mapana kiasi kwamba wengi walihofia kuwa mchungaji anayempa mhamiaji chakula, au jirani anayempa lifti, angeweza kushtakiwa kwa kumsaidia mhalifu.

Habari hizo ziliwafikia watu wa kawaida: wafua nguo wa mahotelini, wavunaji wa matunda, wajenzi, wapishi, wafanyakazi wa ndani. Wengi wao walikuwa wamejifunza kuishi bila kuonekana. Mtu asiye na kibali hapendi kusimama barabarani mchana mbele ya askari. Hata hivyo, ndani ya miezi michache watu hao walitoka hadharani kwa wingi ambao nchi ile ilikuwa haijauona kwa miaka mingi.

Ilikuwaje? Hawakuwa na chama kimoja wala kiongozi mmoja. Walikuwa na makanisa, vyama vya wafanyakazi, na vyama vya watu waliotoka mji mmoja huko kwao, kama vile sisi tunavyokuwa na vyama vya kuzikana na kusaidiana tukiwa ugenini. Zaidi ya yote walikuwa na redio za lugha ya Kihispania. Watangazaji wa vipindi vya asubuhi, ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa kuchekesha watu wanaokwenda kazini, waliacha ushindani wao wakazungumza kwa sauti moja. Huko Los Angeles, mtangazaji maarufu Eddie Sotelo, anayejulikana kwa jina la Piolín, aliwahimiza wasikilizaji wavae nguo nyeupe kuonyesha amani, wabebe bendera ya Marekani, na waje na mifuko ya kuzolea taka ili wasiache uchafu nyuma yao.

Nawaomba mwutafakari mfuko huo wa taka. Anayekuja na mfuko wa taka amekwisha kufikiria saa ambayo maandamano yatakuwa yamekwisha na yeye anarudi nyumbani. Huyo hakuja kuvunja kitu. Nami kama askari nikiwaona watu elfu moja, kila mmoja na mfuko wake, moyo wangu unatulia kabla sijaambiwa lolote.

Tarehe 10 Machi 2006 watu wengi mno walijaza katikati ya jiji la Chicago. Makadirio ya chini yalikuwa laki moja, na ya juu yalifika laki tatu. Walikuwemo wenye asili ya Mexico, lakini pia Wapolandi, Waairishi na Wakorea. Tarehe 25 Machi ilikuwa zamu ya Los Angeles. Polisi wa jiji walikadiria watu 500,000. Waandaaji walisema ni zaidi. Wengi walivaa nyeupe, wengine walisukuma vigari vya watoto, na siku ikaisha kwa amani. Mwezi wa Aprili maandamano yakaenea katika miji zaidi ya mia moja, na tarehe 1 Mei wengi waliacha kazi, shule na ununuzi kwa siku nzima, ili nchi ione ingekuwaje bila wahamiaji. Mwaka huohuo, huko Oakland, wachungaji weusi walianzisha muungano wa kuwatetea wahamiaji, na kupitia kwao sauti za wahamiaji kutoka Afrika na visiwa vya Karibi zikapata mahali pa kusikika.

Sitaki kuwapambia. Waandaaji walikosana kuhusu mambo kadhaa. Bendera za Mexico zilizopeperushwa katika maandamano ya kwanza ziliwaudhi Wamarekani wengi, waliouliza: mtu anayeomba kukubaliwa hapa mbona anapeperusha bendera ya kwao? Kwa hiyo baadaye waandaaji walisisitiza bendera ya Marekani. Wapo wafanyakazi waliofukuzwa kazi kwa kukosa siku moja. Kuhusu tarehe 1 Mei, Kardinali Roger Mahony wa Los Angeles, ambaye mwanzoni mwa Machi alikuwa ametangaza kwamba atawaagiza mapadri wake wasiitii sheria ya kuwanyima wahamiaji msaada, aliwashauri watu waende kazini na shuleni kwanza, kisha waandamane jioni. Ndiyo sababu siku ile jiji lilikuwa na maandamano mawili, ya mchana na ya jioni. Wenye dai moja walitofautiana njia bila kurushiana mawe.

Mswada ule haukuwa sheria. Seneti ilipitisha mswada wake tofauti tarehe 25 Mei 2006, wenye njia ya kuwapatia wengi vibali, lakini mabaraza mawili hayakupatana. Mwezi Oktoba mwaka uleule ikatiwa saini sheria ya kujenga uzio tu. Walioandamana walizuia jambo walilolihofia. Lile walilolitamani hawakulipata. Nitarudi hapo baadaye.

Sasa twende mwaka 2007, kwa sababu hapo ndipo lilipo jibu la mama yetu.

Tarehe 1 Mei 2007 wahamiaji na watetezi wao waliandamana tena Los Angeles. Safari hii walikuwa wachache sana kulinganisha na mwaka uliotangulia. Jioni walikusanyika katika bustani ya MacArthur Park, katika mtaa wenye wahamiaji wengi kutoka Amerika ya Kati. Kulikuwa na jukwaa, muziki, familia zimekaa kwenye nyasi, na watoto wanakimbizana. Pembeni, kikundi kidogo cha watu kilianza kuwachokoza askari, kikawarushia chupa na vitu vingine. Kikundi kile kilikuwa kidogo, na waliokaa kwenye nyasi hawakuwa sehemu yake.

Askari walijipanga mstari wakaingia bustanini kuondoa watu wote. Amri ya kutawanyika ilitolewa kwa Kiingereza, kutoka kwenye helikopta iliyokuwa ikinguruma juu ya umati ambao wengi wao lugha yao ni Kihispania. Watu hawakuisikia vizuri, na walioisikia wengi hawakuielewa. Askari wakaona watu hawatii. Virungu vikatumika, na risasi laini zisizokusudiwa kuua zikafyatuliwa zaidi ya mia moja. Waliumia akina mama, waliumia wazee, waliumia waandishi wa habari waliokuwa na kamera mabegani na vitambulisho shingoni. Askari kadhaa nao waliumia. Picha zikarushwa na televisheni usiku uleule.

Ndugu zangu, mimi ni polisi, na si jambo jepesi kwangu kusimama hapa nikasimulia makosa ya polisi, hata wa nchi nyingine. Lakini nalisimulia kwa sababu ya lile lililofuata. Mkuu wa polisi wa jiji, William Bratton, hakuficha. Oktoba mwaka uleule jeshi lake lenyewe lilitoa ripoti ndefu, ikasomwa hadharani. Ripoti ilikiri kwamba mipango ilikuwa dhaifu kuliko ya mwaka 2006, kwamba makamanda hawakujua vizuri nani anaamuru nini, na kwamba askari hawakuwa wamepewa mafunzo ya kutosha ya kushughulika na mkusanyiko mkubwa. Baadhi ya makamanda waliondolewa kwenye nafasi zao. Jiji likakubali kuwalipa walioumizwa fidia inayokaribia dola milioni 13, na makubaliano hayo hayakuwa ya fedha tu; yaliweka pia masharti ya namna polisi watakavyoshughulika na mikusanyiko siku za usoni. Askari wakafunzwa upya. Tarehe 1 Mei 2008 waandamanaji wakarudi barabarani, na siku ikapita kwa amani.

Sasa linganisheni. Mwaka 2006 walikuwa watu laki tano, na hapakutokea balaa. Mwaka 2007 walikuwa sehemu ndogo tu ya hao, na pakatokea balaa. Kwa hiyo wingi wa watu peke yake hauleti hatari. Dai lilikuwa lilelile, kwa hiyo dai halikuwa chanzo. Wachokozi wachache hawakosekani popote penye umati, na askari mwenye mafunzo hutarajia kuwaona. Kilichotofautiana ni kazi iliyofanywa kabla ya siku yenyewe, na lugha iliyotumika saa ya shida. Watu hawawezi kutii amri wasiyoielewa, na askari anayemwadhibu mtu kwa kutotii amri ya namna hiyo anamwadhibu kwa kosa la askari mwenyewe.

Hapo naomba niwakiri jambo langu binafsi.

Nilipokuwa konstebo kijana nilipangiwa kazi katika mji mmoja wa mpakani ambao sitautaja. Siku moja watu walikusanyika nje ya ofisi fulani wakisubiri kusikilizwa. Waliongezeka, njia ikaziba. Kamanda akaniagiza nichukue kipaza sauti cha mkononi niwaamuru watawanyike ndani ya dakika tano. Nilikuwa nimetoka chuoni, na Kiingereza changu kilikuwa fahari yangu. Nikasoma amri kwa Kiingereza, mara mbili, kwa sauti kubwa. Watu badala ya kurudi nyuma walisogea mbele. Tukadhani wanatushambulia. Tukaenda mbele na virungu.

Jioni, umati ulipokwisha kutawanyika, nilimkuta mama mmoja anaokota ndizi zake zilizokanyagwa. Mkono wake ulikuwa umevimba. Nikamwuliza, mama, kwa nini hamkuondoka mlipoambiwa? Akanijibu bila hasira: "Mwanangu, tulidhani mnatangaza chanjo ya watoto. Ndiyo maana tulisogea, tupate kusikia."

Hakuna mtu aliyeniadhibu kwa siku ile, na hakuna ripoti iliyoandikwa. Lakini mama yule alipouliza ofisini kwangu, "Afande, mtatupiga?", niliuona mkono ule uliovimba. Ndiyo sababu sikuweza kumjibu kwa neno moja.

Basi nini kitakachozuia? Nitataja mambo matano, na nimepata idhini ya Mkuu wa Polisi wa Wilaya kuyasema hadharani, ili mtudai.

La kwanza ni taarifa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 29, inamhakikishia mtu uhuru wa kukusanyika na kuandamana pamoja na wenzake kwa amani na bila silaha. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania nayo, katika ibara ya 20, inautambua uhuru wa watu kukutana kwa hiari na kwa amani. Wajibu wa kutupa taarifa mapema hauondoi uhuru huo. Taarifa inatupa sisi nafasi ya kufunga barabara, kuelekeza malori upande mwingine na kuandaa gari la wagonjwa. Wawakilishi wa wachuuzi walileta barua mapema, wakataja njia, saa ya kuanza, saa ya kumaliza na majina ya wahusika. Nawapongeza mbele yenu wote. Ndugu zetu wa upande wa pili wakumbuke kwamba kila ardhi ina sheria yake: kuvuka kwenda gulioni ni jambo moja, kuvuka kwenda kuandamana ni jambo jingine, na ni vyema kuuliza kwanza.

La pili ni lugha. Tangazo lolote tutakalolitoa siku hiyo litatolewa kwa Kiswahili, kwa Kiganda na kwa Kihaya, na kwa lugha nyingine yoyote ambayo waandaaji watatuambia inahitajika. Litasomwa kutoka chini, na mtu atakayeonekana, kwa sauti inayosikika hadi mwisho wa msafara. Tutaeleza watu waelekee wapi, na tutawapa muda wa kutosha wa kwenda. Tutawaomba waandaaji watupatie watu wao wa kurudia tangazo katikati ya umati, kwa kuwa mtu huamini haraka sauti anayoifahamu.

La tatu ni kujua nani anaamuru. Siku hiyo kutakuwa na kamanda mmoja, na waandaaji watapewa jina lake na nambari yake ya simu mapema. Nao waandaaji watatupa jina la mtu mmoja. Watu hao wawili watakutana kabla, wapite njia yote pamoja kwa miguu, waone palipo na kona mbaya, palipo na rundo la mawe ya ujenzi, palipo na shule. Hiyo ndiyo kazi ninayoiita kazi ya kabla ya siku.

La nne ni kutenganisha mmoja na wengi. Akitokea mtu akarusha jiwe, tutamfuata yeye. Ninyi mtatusaidia kwa kumwacha peke yake: waelekezi wenu, wenye fulana za rangi moja, wawaombe watu wakae chini au wasogee pembeni, aliyerusha aonekane. Msimfiche kwa kuwa ni wenu, nasi tusiwageukie ninyi nyote kwa kuwa yeye yuko kati yenu. Watoto wadogo na wazee wasiwekwe mstari wa mbele.

La tano ni imani, nalo ni gumu kuliko yote. Polisi wa Los Angeles, kwa agizo la mwaka 1979, hawatakiwi kuanzisha hatua dhidi ya mtu kwa nia ya kutafuta tu kama ana kibali cha kuishi nchini. Sababu yake ni ya kikazi. Mwanamke aliyeporwa, au kijana aliyeshuhudia mauaji, asipothubutu kufika kituoni kwa kuogopa kuulizwa karatasi, mhalifu ndiye anayenufaika. Mwaka 2006 wakuu wa polisi wa miji mikubwa ya Marekani walitoa tahadhari ya namna hiyohiyo, kwamba polisi wa mji wakigeuzwa kuwa maafisa wa uhamiaji, watapoteza masikio na macho yao mitaani. Kwetu sheria za uhamiaji zina watu wake na mahali pake, na sina mamlaka ya kuzibadilisha. Ninachoweza kusema ni kwamba askari atakayepangwa kulinda msafara siku hiyo kazi yake itakuwa kulinda msafara. Na anayekuja kituoni kuripoti kwamba ameumizwa atasikilizwa kwanza kama mtu aliyeumizwa.

Hayo ni yetu. Sasa naomba niwaambie neno moja waandaaji, na nawaomba mlipokee kama neno la ndugu.

Msidhani kwamba siku moja ya kutembea italeta mabadiliko kesho yake. Wale wa mwaka 2006 walikuwa na usemi wao: leo tunaandamana, kesho tutapiga kura. Walichokisema wakakifanya. Waliokuwa na haki ya kuomba uraia walihimizwa waombe. Katika mwaka wa serikali wa 2007 maombi ya uraia yalikaribia milioni 1.4, karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia, ingawa wengine walikimbilia kuomba kabla ada haijapanda. Mwaka 2010 wanafunzi wanne walitembea kwa miguu kutoka Miami hadi Washington, zaidi ya kilomita elfu mbili, wakisimama njiani kuzungumza na watu, hata wale waliowapinga. Mwezi Desemba mwaka huo mswada wa kuwasaidia vijana waliopelekwa Marekani wakiwa watoto ulikwama katika Seneti. Hawakukata tamaa, na tarehe 15 Juni 2012 serikali ya Rais Barack Obama ilitangaza mpango wa kuwakinga vijana kama hao wasifukuzwe na kuwaruhusu kufanya kazi. Mwaka 2013 Seneti ilipitisha mswada mkubwa wa mageuzi kwa kura 68 dhidi ya 32, lakini Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura. Sheria kubwa ya mwisho iliyowapa vibali watu wengi kwa pamoja, takriban milioni 2.7, imebaki kuwa ile ya mwaka 1986.

Nawaambia haya si kwa kuwavunja moyo. Nataka mjue kwamba maandamano hufungua mlango, lakini anayepita mlangoni ni yule anayerudi tena na karatasi zake zikiwa zimepangwa. Andikeni maombi yenu kwa maneno machache na yaliyo wazi. Chagueni watu watatu wa kuyakabidhi. Ombeni tarehe ya kujibiwa, na tarehe hiyo ikifika, rudini. Wekeni nakala. Msipojibiwa, andikeni tena. Na kila mmoja aje na mfuko wake wa taka.

Askari wenzangu mlio hapa, nanyi nawaachia neno. Watu hawa wanaokuja na barua mkononi wametuheshimu. Wangeweza kuziba barabara usiku. Wamekuja mchana, wakabisha hodi, wakanywa chai yetu. Anayebisha hodi hafukuzwi kwa rungu. Tukiwaumiza hawa, watakaobaki kuzungumza nasi ni wale wasiobisha hodi.

Mama yetu, nakuona umekaa pale nyuma, karibu na mlango. Uliniuliza kama tutawapiga. Jibu langu ni hili. Mimi mwenyewe ndiye nitakayeshika kipaza sauti siku hiyo, nami nitasema kwa lugha yako. Kabla sijasema neno lolote kwa umati, nitakutafuta wewe kwanza, nikuulize: mama, umenisikia? Umenielewa? Ukiniambia hukuelewa, nitasema tena.

Sasa ni zamu yenu. Kipaza sauti kipo mezani, nami nimekuja na kalamu.